Mbwa na Paka Wapikiwe, Wasitupiwe

Mkulima wa skimu hupima kila kitu. Hupima mbegu, hupima mbolea, hupima maziwa yanayokwenda kwa mnunuzi na pumba anazompa ng'ombe. Lakini mwulize mbwa wake alikula nini jana, naye atacheka. Mbwa ale nini? Ale anachookota. Na paka je? Paka ana panya wake. Ndivyo wengi wetu tulivyozoea kujibu, na kwa maoni yangu jibu hilo latugharimu zaidi kuliko tunavyodhani.

Nasema hivi: mbwa na paka wa shamba ni watumishi, na mtumishi hulishwa. Yafaa walishwe chakula kilichopikwa, kitokacho katika shamba lenyewe. Wasipewe mahindi yaliyooza, wala matumbo mabichi, wala wali wa mchuzi uliobaki sinia. Wala hapana haja ya mkulima kuona haya kwa kuwa hawezi kununua chakula cha pakiti. Jambo hili si la huruma peke yake. Ni jambo la ghala, la mifugo, na la afya ya watoto wetu.

Mjini na Shambani

Hapa Kizingo, upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, mbwa na paka ni wengi. Nyumba kubwa zenye kuta zina mbwa wa ulinzi. Paka nao wako kila mahali, na jioni hukusanyika kando ya Barabara ya Mama Ngina, wakiwangojea watu wanaokula viazi na mihogo chini ya mibuyu. Katika nyumba nyingi mbwa hununuliwa chakula cha pakiti dukani. Katika nyumba nyingine mbwa na paka humwagiwa pilau na biriani iliyobaki, na mwenye nyumba huona amewafanyia ukarimu.

Ukivuka feri ya Likoni, iliyo karibu sana na hapa, ukaenda mpaka Shimba Hills, utawakuta wanyama wale wale wakiwa na kazi nyingine. Huko mbwa hufukuza nyani, tumbili na nguruwe mwitu katika mahindi, na paka hulinda ghala. Ndivyo ilivyo pia katika skimu za kaskazini: Gedi, iliyoanza miaka ya 1930, Magarini, na ile ya Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, zilizoanza miaka ya 1970. Mtu aliyepewa ekari zake, akakata msitu, akapanda, alijua tangu mwaka wa kwanza kwamba bila mbwa hatavuna na bila paka hataweka akiba.

Basi ni ajabu kwamba mbwa wa Kizingo, ambaye kazi yake ni kubweka langoni, anakula kuliko mbwa wa Shimba Hills, anayekesha akipambana na nguruwe mwitu. Sababu inayotolewa ni fedha. Watu husema, "Chakula cha mbwa ni cha matajiri." Hapo ndipo ninapokataa.

Chakula cha Pakiti Kilitoka Wapi

Watu wengi hudhani kwamba chakula cha pakiti ndicho chakula halisi cha mbwa, na kwamba chakula cha nyumbani ni badala tu. Historia yasema kinyume chake. Biashara ya chakula cha mbwa kilichotengenezwa kiwandani yasemekana ilianzishwa na Mmarekani James Spratt, aliyeanza kuuza biskuti za mbwa London karibu na mwaka wa 1860. Kabla ya hapo, kwa maelfu ya miaka, mbwa wote wa dunia walikula kwa wenyewe.

Wala pakiti si kinga ya kila dhara. Katika Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada ililazimika kurudisha mikebe na pakiti zaidi ya milioni 60 baada ya mbwa na paka kuugua figo na wengine kufa huko Marekani. Ilionekana kwamba unga wa ngano uliotoka Uchina ulikuwa umetiwa melamini, kitu kinachotumiwa kutengenezea plastiki. Sisemi kwamba kila pakiti ni mbaya. Nyingi ni nzuri, na mwenye uwezo anunue. Ninalosema ni kwamba mkulima mwenye mahindi, kunde, mayai, maboga, na jirani anayeuza dagaa, hana sababu ya kujiona maskini mbele ya pakiti.

Lakini yapasa tuwe wa kweli. Chakula cha nyumbani nacho si kizuri kwa sababu tu kimetoka nyumbani. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walipima mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani, na wakaona kwamba 190 kati ya hayo yalipungukiwa na kitu kimoja au zaidi ambacho mwili wa mbwa unakihitaji. Maana yake ni kwamba kupika kwataka maarifa, kama vile kulisha kuku kunavyotaka maarifa. Ugali mtupu si chakula cha mbwa. Na kwa paka, ugali mtupu ni njaa iliyofichwa tumboni.

Mbwa Ale Nini

Mbwa anaweza kula karibu kila kitu alacho binadamu, lakini anataka nyama, samaki au mayai kwa wingi kuliko sisi. Unga humpa nguvu. Dagaa, nyama na mayai humjengea mwili. Mifupa laini ya dagaa humpa chokaa ya mifupa na meno. Mafuta kidogo huifanya ngozi iwe nzuri na manyoya yang'ae.

Huu hapa mfano wa chakula cha siku moja kwa mbwa mzima wa kilo 15 hivi, yaani mbwa wa kawaida wa shambani. Chukua unga wa mahindi kikombe kimoja cha robo lita. Dagaa wakavu kikombe kimoja. Mchicha au boga konzi moja. Na mafuta ya alizeti au ya mahindi kijiko kimoja cha mezani. Waoshe dagaa katika maji mawili au matatu, kuondoa mchanga na chumvi. Wachemshe pamoja na mboga mpaka waive. Kisha tia unga, usonge ugali mwepesi, na umwishie mafuta. Uache upoe. Mpe nusu asubuhi na nusu jioni, na maji safi yasikosekane.

Siku nyingine weka kunde zilizochemshwa vizuri badala ya sehemu ya unga, au mayai mawili ya kuchemsha badala ya nusu ya dagaa. Viazi vitamu na wali vyafaa pia. Muhogo nao wafaa, lakini uwe umemenywa na kupikwa sana, kwa maana muhogo mchungu ukiwa mbichi una sumu kwa mbwa kama ulivyo na sumu kwa mtu. Mara moja kwa juma mpe kipande cha ini kilichopikwa, kadiri ya kiberiti. Kubadilisha huku si anasa. Hata hivyo kubadilisha peke yake hakuzibi kila pengo ambalo watafiti wale waliliona.

Ukipika nyama pasipo dagaa, kumbuka kwamba nyama tupu haina chokaa ya kutosha. Dawa yake ni rahisi. Chukua maganda ya mayai, yaoshe, yachemshe, yaanike mpaka yakauke, kisha uyatwange yawe unga laini kama poda. Nusu ya kijiko cha chai kwa siku yamtosha mbwa wa kilo 15. Watoto wa mbwa, na jike anyonyeshaye, wanahitaji dagaa na mayai zaidi, na wapewe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku.

Wako wasemao kwamba mbwa aliyeshiba hulala, halindi. Mbwa hulala akishindiliwa chakula usiku. Mlishe saa kumi na moja jioni, naye ifikapo saa nne za usiku atakuwa macho na mwenye nguvu. Mbwa mwenye njaa hayuko nyumbani kulinda chochote: yuko jalalani, au yuko kwa jirani akila mayai ya kuku.

Paka Hashibi kwa Wali

Wazee wa pwani walikwisha kusema: paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya. Watu huitumia methali hii kwa mambo ya kibinadamu, lakini wataalamu wa mifugo wamekuja kuthibitisha kwamba ni kweli kwa paka mwenyewe.

Mwili wa paka haufanani na wa mbwa. Kuna kitu kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki, wala hakipatikani katika nafaka. Mbwa wengi waweza kujitengenezea taurini mwilini mwao. Paka hawezi kujitengenezea ya kutosha. Mwaka wa 1975 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba paka wakikosa taurini macho yao huharibika hata kuwa vipofu. Mwaka wa 1987 Daktari Paul Pion na wenzake huko Davis walionyesha kwamba upungufu huo huo huidhoofisha mioyo ya paka mpaka wakafa, na wengi wa paka wale walikuwa wakila chakula cha viwanda. Baada ya hapo viwanda vikaongeza taurini katika vyakula vyao. Tena paka hawezi kuigeuza rangi ya karoti na maboga kuwa vitamini A, kama mbwa na mtu wafanyavyo. Lazima aipate katika ini, mayai na samaki.

Mfikirie paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambaye Wagiriama humwita kadzonzo, na ambaye alijulikana duniani baada ya Jeni Slater kuwachukua watoto wa paka huyo karibu na Watamu mwaka wa 1978. Hapana aliyempa ugali msituni. Aliishi kwa ndege, panya na wadudu. Paka wako ni ndugu yake.

Basi chakula cha paka kiwe sehemu tatu za samaki au nyama, na sehemu moja tu ya wali au ugali. Paka mzima wa kilo 3 humtosha gramu 120 hivi za samaki aliyepikwa kwa siku, pamoja na wali kidogo. Vichwa vya samaki, ambavyo wauzaji wa samaki huviuza rahisi, vyafaa sana: vichemshe, uchambue minofu, na utupe miiba mikubwa. Moyo wa ng'ombe au wa mbuzi ni mzuri kupita nyama nyingine, maana una taurini nyingi. Na hapa pana jambo dogo lenye faida kubwa: usimwage yale maji uliyochemshia. Taurini huyeyuka katika maji. Changanya supu ile na chakula, paka ainywe yote.

Samaki wapikwe. Samaki wengine wadogo, wa namna ya dagaa na simu, wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka alaye hao peke yao kila siku hupata kizunguzungu na kifafa. Moto hukiua kitu hicho. Ini nalo ni zuri, lakini lisiwe la kila siku. Paka akila ini siku zote kwa miezi mingi mifupa ya shingo yake hukakamaa asiweze kujilamba. Mara moja kwa juma yatosha. Maziwa si chakula cha lazima, kwa sababu paka wengi wakubwa huharishwa na maziwa matamu.

Sasa lile la panya. Wengi huamini kwamba paka akilishwa hataua panya. Paka hawindi kwa njaa peke yake. Huwinda kwa asili yake. Paka aliyelishwa kidogo asubuhi na kidogo jioni hukaa karibu na ghala, huwa na nguvu, na huwinda usiku. Paka mwenye njaa huhama, au huiba jikoni, au hufa mapema, nasi hubaki na panya. Methali nyingine yasema paka wa nyumba haingwa. Haingwi kwa sababu ana kazi ya kufanya humo ndani.

Mabaki Yasiyofaa

Yako mambo ambayo watu huwapa wanyama kwa ukarimu, kumbe ni sumu.

La kwanza ni vitunguu, viwe maji au saumu, vibichi au vilivyopikwa. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na paka. Kwa paka wa kilo 3, gramu 15 za kitunguu, yaani robo ya kitunguu kidogo, zaweza kumdhuru. Sasa fikiria sahani ya pilau ya Mombasa ina vitunguu vingapi, na ina saumu kiasi gani, na pengine ina zabibu kavu, ambazo huua figo za mbwa. Pilau ni chakula kizuri, lakini ni cha wageni wako. Ukitaka kumpa mbwa wali, mchotee kabla hujaunga.

La pili ni mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku. Ikikatika huwa kama sindano, hutoboa utumbo. La tatu ni magunzi ya mahindi na kokwa za maembe. Mbwa hupenda kuyatafuna, akameza kipande, kikakwama tumboni. Asipopasuliwa na daktari wa mifugo hufa. La nne ni makadamia, ambayo baadhi ya wakulima wa nchi za juu huyapanda: mbwa akiyala miguu ya nyuma hulegea. La tano ni panya aliyekufa kwa sumu. Ukiweka sumu ghalani, umemwekea na paka pia.

Mahindi Yaliyooza Si ya Mbwa

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Mahindi yakiingia kuvu, mkulima huyachambua. Yaliyo mazuri huyasaga kwa watoto, na yaliyo mabovu husema, "Haya ni ya mbwa na kuku." Hilo ni kosa kubwa.

Kuvu ya mahindi na ya karanga hutoa sumukuvu, yaani aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini. Haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Dunia iliijua baada ya mwaka wa 1960, bata mzinga kama 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Hapa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Eldoret na hapa Mombasa kwa chakula chenye sumu hiyo, kilichokuwa kimehifadhiwa vibaya.

Na mbwa hafi peke yake. Mwaka wa 1974 huko India, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye kuvu, na mbwa waliokula chakula kile kile waliugua na kufa pia. Kwetu, mwaka wa 1981, watu 12 walikufa katika wilaya ya Machakos. Mwaka wa 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi yaliyowaua yalikuwa ya akiba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani mabichi. Husemwa kwamba akiba haiozi. Akiba ya mahindi yasiyokauka huoza, tena huua.

Kwa hiyo mbwa akianza kukataa chakula, kutapika, macho na ufizi kuwa manjano, usimlaumu mchawi wala jirani. Mwite daktari wa mifugo, kisha nenda ukatazame ghala lako siku ile ile, kwa maana unga ulioliwa na mbwa yawezekana ndio ulioliwa na mtoto.

Mahindi yakauke mpaka unyevu wake uwe asilimia 13.5 au chini yake. Usipokuwa na chombo cha kupimia, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, uitikise. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yaanike tena, juu ya turubai, si chini mchangani. Yaliyoingia kuvu yachomwe moto au yafukiwe. Usimpe mbwa, usimpe kuku, usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hiyo hupita ikaingia katika maziwa.

Matumbo Mabichi na Mbwa Mzururaji

Mbuzi akichinjwa, mbwa hutupiwa mapafu na ini lenye malengelenge. Wengi huona hiyo ni haki yake. Lakini yale malengelenge yenye maji ni watoto wa tegu. Mbwa akiyala mabichi, tegu hukua tumboni mwake, mayai yake hutoka katika kinyesi na kushika manyoya, na mtoto anayecheza na mbwa huyameza. Baada ya miaka mtu huyo huota uvimbe wa maji katika ini au pafu, usioondoka ila kwa upasuaji au matibabu marefu. Turkana imekuwa mojawapo ya sehemu zilizoathirika zaidi duniani kwa ugonjwa huu, na AMREF ilianza kazi ya kuupiga vita huko mwaka wa 1983.

Kwa hivyo nyama za ndani zichemshwe muda wa dakika 30 au zaidi kabla mbwa hajapewa. Vipande vyenye malengelenge vichomwe au vizikwe kwenda chini. Na kila mbwa apewe dawa ya minyoo kama afisa wa mifugo atakavyoelekeza.

Kuna na kichaa cha mbwa. Serikali ilianza mwaka wa 2014 mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo 2030 hapana mtu anayekufa Kenya kwa ugonjwa huo unaotoka kwa mbwa. Ili mpango ufaulu, yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Lakini utamchanja vipi mbwa usiyeweza kumshika? Mbwa anayezurura akitafuta chakula hana mwenyewe siku ya chanjo. Yule anayekula mkononi mwako kila jioni ataitwa jina lake, atakuja, atafungwa kamba, atachanjwa. Chungu cha jioni ni mwanzo wa chanjo. Na wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, karibu nusu yao ni watoto.

Neno kwa Wenye Shaka

Najua kwamba wengi wa ndugu zetu wa pwani ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Hilo halizuii ninayoyasema. Mbwa wa kulinda mazao na mifugo ameruhusiwa, na aliyeruhusiwa kazi haruhusiwi kufa njaa. Mwekee sufuria yake, mwiko wake na bakuli lake, viwe nje, visichanganywe na vyombo vya nyumba. Utaratibu huo ni mzuri kwa kila dini, maana ni usafi.

Wengine watasema, "Watoto wetu hawajashiba, nawe wataka tupikie mbwa?" Swali hilo ni la haki, na mtoto ndiye wa kwanza. Lakini hesabu vema. Kikombe cha unga na kikombe cha dagaa kwa siku ni mshahara mdogo kwa mlinzi wa usiku. Nguruwe mwitu wakiingia usiku mmoja huharibu mahindi ambayo yangemlisha mbwa huyo miezi mingi. Panya nao hawali tu. Hukojolea na kuchafua zaidi ya wanachokula. Na ikiwa kweli shamba halina cha kumlisha mbwa wa nne, usifuge wanne. Fuga mmoja au wawili, uwalishe, uwachanje, na umwombe daktari wa mifugo awahasi ili wasizaane ovyo. Mbwa wawili walioshiba hulinda kuliko saba wenye njaa.

Ndugu mkulima, huhitaji duka la Kizingo. Unahitaji sufuria moja ya zamani, dagaa, unga mzuri, mboga za uani, na desturi ya kupika kwa wakati wake. Mkabidhi mtoto mmoja kazi hiyo, umfundishe kuosha mikono baadaye, naye atajifunza kwamba mnyama wa kazi ana haki yake. Anza juma hili. Baada ya miezi miwili tazama manyoya ya mbwa, tazama macho ya paka, kisha tazama ghala lako.